Kichupa Kwenye Friji ya Bucha

Mfamasia alipotaja bei, Kola alicheka. Alicheka kwa nguvu, kama mtu aliyetupiwa mzaha na shemeji yake, akangoja mfamasia naye acheke ili biashara iendelee. Mfamasia hakucheka. Alikiinua kile kichupa kutoka juu ya kaunta, akakirudisha taratibu kwenye friji yake ndogo, kama anayemrudisha mtoto kitandani.

"Kaka, hiyo ni bei ya kichupa kimoja?"

"Kimoja, dada."

"Si ya katoni?"

"Ningekuwa na katoni ya bei hiyo, dada yangu, ungenikuta nimekaa. Unaniona nimesimama."

Kola akaishika kaunta. Pesa iliyokuwa mkobani mwake ilikuwa ya godoro. Katika ule mji mdogo wa reli walikotoka, mama yake alipewa insulini kwenye zahanati kila siku ya kliniki, na malipo yake yalikuwa salamu na kungoja foleni. Haikuwahi kumjia akilini kwamba dawa ile ina bei, kama vile mtu hajiulizi kivuli kinauzwaje.

"Hakuna mahali hapa mjini wanapoitoa bure?" aliuliza, na sauti ikamtoka ndogo.

Kabla mfamasia hajajibu, mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alidakia, "Bure? Binti, hapa mjini hata haja ndogo unalipia." Foleni nzima ikaangua kicheko. Mfamasia mwenyewe akatabasamu, na swali likafia pale pale.

Kola alitoka na kichupa, bila godoro.

Kola halikuwa jina alilopewa na wazazi. Lilikuwa jina la karakanani, kwenye jengo refu la mabati ambako safu za cherehani zilishona sare za shule. Mmoja alishona mikono, mwingine mifuko, na yeye alishona kola, kola tupu, kutwa kucha. Alikuwa fundi wa kushona gauni la harusi kuanzia kipande hadi kifungo, lakini kazi ni kazi. Kwa ajili ya kola hizo alikuwa amemng'oa mama yake katika mji aliouzoea, akamleta kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja lililotazama ukuta.

Mama alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha.

"Godoro liko wapi?"

Kola alifungua kiganja. "Hili hapa."

Mama akakitazama kichupa, kisha akamtazama mwanawe. Bei aliisoma usoni mwa bintiye. "Haya," alisema, "basi tutalilalia kwa zamu."

Walicheka mpaka wakafutana machozi. Lakini kicheko kilipokwisha, joto la bati la paa lilibaki pale pale, limewaegemea mabegani, na wote wawili wakakitazama kichupa kwa pamoja. Insulini haipendi joto. Nyumbani Mama aliihifadhi ndani ya chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowanishwa, juu kitambaa kibichi. Vyungu hivyo vilisafiri nao hadi mjini, na vilifika vikiwa vigae. Mpagazi alivishusha kama anashusha matofali.

Ndipo walipomkumbuka Shoka.

Shoka alikuwa muuza nyama wa ng'ambo ya barabara. Bucha lake lilikuwa na vigae vyeupe, mizani inayoning'inia, gogo la kukatia lililolika katikati kama kiti cha mfalme, na friji yenye mlango wa kioo. Yeye mwenyewe alikuwa pande la mtu, mikono kama mapaja, ila sauti yake ilikuwa nyororo hata wateja wapya walidhani kuna mtu mwingine nyuma yake anayezungumza. Pembeni mwa gogo hakukosa dumu la maji. Kila akikata mifupa miwili mitatu, aliliinua dumu akanywa kama injini ya gari moshi.

"Shikamoo, mama," alisema alipowaona.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukuomba, na hatununui nyama."

"Karibuni hivyo hivyo. Wasionunua ndio wengi."

Kola alimweleza. Aliongea kwa haraka na kwa hofu, kama watu wanavyoongea wanapomkabidhi mgeni kitu wasichoweza kukilipa mara mbili. "Kaka Shoka, hii inataka baridi. Ikipata joto imeharibika, na ikiharibika mama yangu hana kingine. Tafadhali, ilinde kama mboni ya jicho lako. Isikose baridi hata kidogo."

Shoka alifuta mikono kwenye aproni, mara ya kwanza, mara ya pili, akakipokea kichupa kwa ncha za vidole. Hakutaka kusikia habari ya malipo. "Hapa wanalala ng'ombe wazima, dada, sembuse hiki? Nitakilinda mimi mwenyewe."

Ikawa desturi. Asubuhi, kabla ya Kola kwenda karakanani, na jioni aliporudi, yeye na mama yake walivuka barabara. Shoka alikitoa kichupa, Kola akavuta dawa kwenye bomba la sindano, Mama akageukia ukutani akainua ncha ya kanga akajidunga tumboni, na kichupa kikarudi. Wateja wakazoea. "Huyu mama ananunua nusu ya nini kila siku?" aliuliza mmoja. "Nusu ya uhai," akajibu Mama, "na wewe endelea na utumbo wako."

Kola alimpenda Shoka kwa hilo. Jioni, akirudi na shingo iliyokakamaa kwa kuinamia cherehani, aliliona lile bucha jeupe na moyo ukatulia. Alijiambia kwamba watu wanausema vibaya mji, kumbe mji ni watu tu, na watu wakiombwa vizuri hutoa.

Halafu Mama akaanza kunywa maji.

Mwanzoni Kola alidhani ni joto. Kisha ndoo waliyoinunua kwa muuza maji ikawa haifiki jioni. Mama akawa anaamka na kwenda chooni mara kwa mara, anarudi ameshika ukuta. Kanga iliyokuwa ikimkaa vizuri kiunoni sasa ilizunguka mara mbili. Kifaa chao cha kupimia sukari kwa kidole kilikuwa kimeishiwa vijiti tangu wahame, na bei ya vijiti Kola aliiuliza siku moja, akaondoka bila kuaga.

Aliwaza, akapata jibu moja. Katika chumba cha jirani aliishi mwanamke muuza chai, na Mama alishinda mlangoni pake wakipiga soga.

"Mama, unakunywa chai yenye sukari."

"Mimi?"

"Usinifanye mtoto. Kutwa uko kwa jirani. Sindano unachoma asubuhi na jioni, dawa tumenunua kwa godoro zima, na bado unakauka. Itakuwa nini kama si sukari?"

Mama alikuwa akimenya chungwa, chungwa la Kola, si lake. Kisu kikasimama. "Mwanangu, mimi na ugonjwa huu tumekaa pamoja kabla hujavunja ungo. Unadhani nimekuja mjini kujifunza ulafi?"

"Basi niambie ni nini!"

"Sijui," alisema Mama. "Kama ningejua ningekuwa daktari, wewe ukawa mama." Kisha akalaza chungwa kwenye sahani, akajilaza akageukia ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie mjini hakuweka mzaha mwishoni.

Kulikuwa na kitu Kola alikuwa amekiona, na hakukisema. Dawa ya Mama kwa kawaida ni nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Ukiibingirisha viganjani inachanganyika sawasawa. Siku hizi, asubuhi, kulikuwa na vichenga vyeupe vilivyogandamana kwenye kioo, kama unga uliobaki sufuriani. Aliviona, akajiambia kwamba hii ni dawa ya mjini, ya bei kubwa. Huenda za bei kubwa ndivyo zilivyo. Mtu akishatoa pesa ya godoro, hapendi kukikagua alichonunua.

Asubuhi ya tatu baada ya ugomvi ule walivuka barabara bila kuzungumza. Shoka alikuwa akining'iniza paja. Mama alifika mlangoni, akashika fremu, akasema, "Mwanangu, mbona mmezima taa?" Taa zilikuwa zinawaka zote. Kisha akaporomoka sakafuni.

Kola hakukumbuka baadaye kama alipiga kelele. Alikumbuka kwamba Shoka aliliacha paja lianguke kwenye vigae, na kwamba pumzi ya mama yake ilinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Shoka alimbeba Mama mikononi na aproni yake yenye damu, akatoka mbio, na watu wakapisha wakidhani ni mauaji.

"Unampeleka wapi?" Kola alimkimbilia nyuma, kichupa amekishika ngumini. "Hospitali kubwa iko kule! Kaka Shoka, kule!"

"Kule utafika na maiti! Hapa nyuma!"

Hapa nyuma palikuwa nyuma ya karakana ya Kola. Ukuta wa zahanati, wa samawati, uliochorwa mtoto mnene juu ya mizani. Kola alipita kando ya ukuta ule kila siku iendayo kwa Mungu. Aliona foleni ya akina mama na vichanga mgongoni, akasema moyoni, hapo ni pa watoto, wacha nisiwapotezee muda. Hakuwahi kuzunguka kona. Sasa Shoka aliizunguka kona, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na lango jingine, benchi ndefu, na wazee wameketi juu yake, kila mmoja na mfuko wake mdogo mapajani. Mfuko wa aina ile Kola aliujua. Mama alikuwa na kama huo kule zahanati ya nyumbani.

Alisimama akapigwa na butwaa. Kwa sababu kulikuwa na ubao mlangoni, umeandikwa kwa herufi kubwa hata kipofu angepapasa: Kliniki ya Kisukari. Na chini yake: Dawa Hutolewa Bila Malipo.

Wiki zote zile, alipokuwa akishona kola, dawa ya mama yake ilikuwa nyuma ya ukuta aliouegemezea mgongo wakati wa chakula cha mchana.

"Dada, ingia au toka, usizibe mlango!" alisema nesi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Alikwisha kumlaza Mama, akamtoboa kidole, akaangalia kifaa, akakaza uso. Dripu ikatundikwa. Daktari akaja, akaagiza insulini, akaondoka kwa mgonjwa mwingine. Wakati wote huo nesi aliuliza maswali bila kuinua macho: anakula nini, anachoma kiasi gani, tangu lini.

"Dawa mnaihifadhi wapi?"

"Kwenye friji," alisema Kola. "Ya bucha. Ya kaka huyu."

"Nipe niione."

Nesi aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Akakibingirisha. Akakiinua tena. Vile vichenga vilikuwa vimeng'ang'ania kioo kama ukoko.

"Hii iliganda," alisema. "Hii ilikuwa barafu. Tena si mara moja. Mama yenu amekuwa akijichoma maji."

"Haiwezekani," alisema Kola. "Friji ya kioo haigandishi. Nimeiona. Haki ya Mungu, nesi, iko juu kabisa, karibu na—"

Alinyamaza, kwa sababu Shoka alikuwa amekaa sakafuni. Mtu mzima, pande la mtu, alikaa chini kama gunia lililokatwa kamba.

"Si ya kioo," alisema Shoka. Sauti yake nyororo ilikuwa imebaki uzi. "Umeme unakatika usiku, dada. Friji ya kioo inapata joto. Wewe uliniambia isikose baridi hata kidogo. Nikaona… kitu cha thamani kama kile hakiwezi kukaa juu pamoja na soda. Nikawa nakishusha kwenye friza, chini kabisa, pamoja na maini. Maini ndiyo tunayaweka pazuri. Baridi ya kule haitoki hata umeme ukikatika."

"Lakini sisi asubuhi tunaikuta maji!"

"Nilikuwa nakitoa nikifika alfajiri." Akajigusa. "Naweka hapa. Kwapani. Nakata nyama kwa mkono mmoja mpaka kilainike, ili mkija msisubiri."

Kola alimgeukia. Alitaka kumpiga. Aliutazama ule mkono mkubwa, akamwona Shoka kwenye giza la alfajiri, peke yake, akikata mifupa kwa mkono mmoja huku mwingine ameubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa, siku baada ya siku, kwa upendo mtupu, akimuua mama yake.

Na nani aliyemwambia isikose baridi hata kidogo? Nani aliyeviona vichenga akanyamaza? Nani aliyemwita mama yake mlafi?

"Dawa hii inataka baridi ya mtungi," alisema nesi, naye sasa aliongea polepole. "Si baridi ya kaburi. Ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Hamkuambiwa?"

Mama alikuwa akijua. Kwenye chungu chake hakuna kinachoweza kuganda, kwa hiyo hakuwahi kuona haja ya kulisema.

Kola alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa makali, na mengine yalikuwa ya kujikata mwenyewe, na hakujua yapi yangetangulia. Nesi hakumpa nafasi. "Nani na nani wamemleta huyu mama? Wewe na wewe? Leteni vidole."

"Sisi hatuumwi," alisema Kola.

"Mimi kila anayeleta mgonjwa namtoboa. Wanaowaleta wenzao ndio wasiojileta wenyewe. Kidole!"

Cha Kola kilikuwa salama. Shoka alinyoosha chake bila kuinua kichwa. Angenyoosha shingo kama angeambiwa. Nesi alisoma kifaa, akakipangusa, akatoboa kidole kingine, akasoma tena.

"Wewe, baba, unakunywa maji mengi?"

Kola aliliona dumu. Aliliona dumu pembeni mwa gogo, asubuhi na jioni, likiinuliwa na kushushwa, likiinuliwa na kushushwa. Alikuwa amesimama mbele yake kila siku na bomba la sindano mkononi, akiwaza kiu ya mama yake.

"Ni kazi," alisema Shoka. "Bucha lina joto."

"Bucha lenye friza?" alisema nesi.

Shoka akakitazama kidole chake. Akatazama dripu ya Mama, kisha akamtazama Kola, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. "Mimi?" alisema. "Mimi si nakula nyama tu."

"Keti kwenye benchi," alisema nesi. "Daktari atakuona. Na baada ya leo njoo siku ya kliniki kama wenzako."

Mama alifumbua macho jua likiwa limehamia dirisha la pili. Aliangalia dripu, akaangalia paa, akamwangalia binti yake aliyekuwa amemshika mguu kwa juu ya shuka.

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa sukari. Kwa chai."

Mama alilamba midomo iliyokauka. "Nilimsikia nesi akisema dawa iliganda. Kumbe nimenyimwa chai bure." Akafumba macho, kisha akayafumbua tena. "Shoka yuko wapi?"

"Nje. Hataki kuingia. Anasema hana uso wa kukutazama. Na Mama…" Kola akamsogelea. "Naye anayo sukari."

Kwa muda Mama hakuelewa. Alipoelewa, alijaribu kuketi, mrija ukavutika, na Kola akamrudisha kwenye mto.

"Yule mtoto? Na lile dumu lake?" Mama akaweka kiganja kifuani. "Jamani. Jamani! Na mimi nilikuwa namcheka, naliita pipa la gari moshi." Kisha akasema kwa sauti ya kuamrisha, ile ambayo Kola hakuwa ameisikia tangu walipofunga mizigo, "Mwambie aingie. Mwambie nikimfuata mimi atajuta."

Shoka aliingia ameinamisha kichwa, aproni ameikunja chini ya kwapa. Alisimama mbali na kitanda. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea." Hakusogea. "Nimesema sogea, kwani nauma? Umenigandisha mimi, sasa nimekuyeyukia. Yameisha. Unajua kujidunga?"

"Wamenipa vidonge kwanza."

"Vidonge navyo vina adabu zake. Utakuja nikufundishe."

Siku Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Kola aliomba ruhusa karakanani mapema akaenda sokoni. Nyuma kabisa, kupita wauza ndoo za plastiki, alimkuta mwanamke anauza vyungu, na bei yake ilimshtua kwa namna nyingine: alimwuliza mara mbili, akidhani amekosea. Shoka alivibeba vyote viwili, kikubwa kichwani, kidogo mkononi, na mchanga akauleta mwenyewe kwa toroli ya bucha, ameuosha mpaka hauchafui maji.

Mama aliketi mkekani akawasimamia kama msimamizi wa ujenzi. Kidogo ndani ya kikubwa. Mchanga katikati. Maji, si hivyo, taratibu, unaumwagilia si unauzamisha. Kichupa kipya cha kliniki kikaingia kwenye mfuko wake, mfuko ndani ya chungu, kitambaa kibichi juu. Vikawekwa chini ya dirisha, mahali upepo mwembamba ulipopita.

Wakangoja. Jirani muuza chai alichungulia, akaletewa kigoda. Mama akamwomba chai isiyo na sukari, akamtazama Kola kwa jicho la pembeni, na Kola akainamisha kichwa akitabasamu na macho yamemlowa.

Kisha Mama akainua kitambaa.

"Wewe, mwanangu wa friza. Tia mkono humu."

Shoka aliupenyeza ule mkono mkubwa mpaka kifundoni. Alikaa hivyo kwa muda, kipaji cha uso kimekunjamana, akitafuta kwa vidole baridi ya maini, baridi inayouma, baridi ya kumaliza usiku mzima bila umeme. Aliukuta ubaridi wa ukuta wa asubuhi. Ubaridi wa shavu la mtoto aliyetoka kuoga.

Aliinua macho, haamini.

"Hii tu?"

"Hii tu," alisema Mama.